Pombe ya watu wa kale: itengeneze kwa hatua zile zile walizopitia wao

Ukitaka kuelewa binadamu wa zamani alijifunzaje kutengeneza pombe, kusoma peke yake hakutoshi. Tafuta vyombo vitatu, viweke mahali penye kivuli, uipitie njia yenyewe kwa mikono yako: kwanza matunda, kisha asali, mwisho nafaka. Nimefundisha biolojia sekondari hapa Mwanza miaka mingi, na shangazi yangu wa Magu alikuwa mpikaji wa pombe ya nafaka, ile ambayo sisi Wasukuma tunaiita walwa. Kazi nilijifunza kwake. Sababu zake nilizikuta darasani.

Niseme msimamo wangu mapema. Wanafunzi waliniuliza mara nyingi, "Mwalimu, nani aligundua pombe?" Aliyegundua pombe hayupo, maana matunda na asali huchachuka bila kuombwa na mtu. Kazi ya akili ilianza kwenye kimea. Mtu wa kwanza aliyeiacha nafaka iote kwa makusudi, akaikausha, akaisaga na kuitia kwenye uji, huyo ndiye mvumbuzi, na ninamheshimu sana. Ndiyo maana chombo cha tatu nitakieleza kwa kirefu kuliko viwili vya mwanzo.

Vitu vya kutafuta

Mkungu mmoja wa ndizi za kukamulia, zile zinazoshuka bandarini kutoka Bukoba na Kemondo. Asali mbichi kilo 1, ambayo haijachemshwa wala kuongezwa sukari. Ulezi kilo 1 na nusu. Unga wa mtama kilo 1, na konzi chache za mtama mzima. Chupa ndogo ya iodini kutoka duka la dawa, na puto moja la watoto.

Ulezi ununue kwa wauza nafaka, Kirumba au Igoma, usinunue mbegu kwenye duka la pembejeo. Mbegu za pembejeo hupakwa dawa, na mara nyingi hutiwa rangi ili mtu asizile. Hiyo ni sumu, na kuiosha hakuiondoi. Muulize pia muuzaji kama ulezi wake umewekewa dawa ya wadudu ghalani. Ukifika nyumbani hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa kibichi, zitazame baada ya siku mbili. Zikiota pungufu ya 90, tafuta ulezi mwingine. Nafaka iliyokufa haitoi kimea, itakuozea tu kwenye gunia.

Kuhusu vyombo, chungu cha udongo ndicho bora, lakini ndoo ya plastiki ya chakula inafaa. Usitumie ndoo ya bati la zinki, kwa sababu uchachu huitafuna zinki ikaingia kwenye kinywaji. Na katika mikoa yetu ya pamba nasisitiza: ndoo iliyowahi kubeba dawa ya pamba isikanyage jikoni kwako, hata iwe imeoshwa vipi.

Chombo cha kwanza: matunda

Ndizi zikiiva hadi ganda lianze kuwa na madoadoa meusi, menya, weka kwenye beseni na konzi mbili za nyasi kavu safi, uzikande kwa nguvu. Nyasi hushika nyama ya ndizi, maji matamu yakajitenga. Wahaya hukanda hivyo wanapoandaa rubisi, pombe yao ya ndizi. Chuja, ongeza maji ya kunywa kiasi cha robo ya juisi uliyopata, nyunyizia konzi ya mtama uliokaangwa na kusagwa, funika kwa majani ya mgomba. Kesho yake utasikia inachemka pasipo moto. Siku ya pili ina pombe.

Kinachotokea humo ni kazi ya chachu, viumbe vya seli moja tusivyoweza kuviona kwa macho. Aina mashuhuri inaitwa Saccharomyces cerevisiae. Chachu hukaa kwenye maganda ya matunda na magome ya miti, hata kwenye matumbo ya nyigu. Inakula sukari na kuacha vitu viwili: alkoholi na gesi ya kabonidioksidi. Povu unaloliona ni hiyo gesi inayotoka.

Hapa binadamu hakuwa na la kufanya zaidi ya kuokota na kula. Mwaka 2000 mwanabiolojia Robert Dudley alitoa hoja kwamba mababu zetu wala matunda walivutwa na harufu ya alkoholi kwa sababu iliwaonyesha palipo na tunda lililoiva. Mwaka 2014 Matthew Carrigan na wenzake wakaleta ushahidi kutoka kwenye jeni: kiasi cha miaka milioni 10 iliyopita, kimeng'enya kimoja (protini inayovunja vitu mwilini) cha babu wa pamoja wa binadamu, sokwe na gorila kilibadilika, kikawa na uwezo wa kuvunja alkoholi mara 40 zaidi ya mwanzo. Wakati huo mababu hao walikuwa wanashuka chini zaidi, na chini ndiko yanakoangukia matunda yaliyopitiliza kuiva. Mwili ulikuwa tayari kwa pombe mamilioni ya miaka kabla hakujafinyangwa chungu.

Sokwe wenyewe wanaendelea hadi leo. Huko Bossou, Guinea, watafiti wakiongozwa na Kimberley Hockings walieleza mwaka 2015 jinsi sokwe wa porini wanavyotafuna majani yakawa mfano wa sifongo, wakayachovya kwenye vyombo vya wagema na kunywa tembo, yaani pombe ya utomvu wa mwale (rafia). Kilevi chake kilikuwa wastani wa asilimia 3.1. Sisi tuna sokwe wetu kisiwani Rubondo, walioletwa kati ya 1966 na 1969, na kila nikikitazama kisiwa kile kwenye ramani namfikiria babu wa kale chini ya mkuyu, ameshika tunda linalonuka utamu mkali.

Watu walipoanza kukaa mahali pamoja, matunda yakawa kazi ya kupanga. Vigae vya mitungi kutoka Georgia, nchi ya Kaukazi, vilipimwa na matokeo yakatolewa mwaka 2017: vilibeba mvinyo wa zabibu wa takriban mwaka 6000 KK. Ndizi, kwa upande wake, asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, kwa hiyo rubisi si kinywaji cha kwanza cha Afrika ingawa ni cha zamani. Imekufundisha jambo moja tu, kwamba sukari iliyo wazi haimsubiri mtu. Sasa weka pembeni.

Chombo cha pili: asali

Asali ina sukari zaidi ya robo tatu ya uzito wake, lakini haichachuki. Maji yake ni kidogo mno, kiasi cha asilimia 18, na sukari ile nzito huinyonya chachu maji yake hadi inalala. Inasubiri mvua. Jenga picha akilini ya mzinga wa nyuki katika shina lenye uwazi, tawi limevunjika, mvua ya masika imeingia. Siku chache baadaye anapita mtu mwenye kiu. Au asali imedondokea kwenye shimo la mwamba lenye maji. Sisi wa Mwanza tunayajua mashimo hayo, mawe yetu yanashika maji ya mvua kila msimu.

Fanya hivi. Changanya asali kilo 1 na maji lita 4 yaliyochemshwa yakapoa kabisa. Ukitia asali kwenye maji ya moto utaiua chachu iliyolala ndani yake. Mimina kwenye dumu safi, acha nafasi juu, kisha vika mdomo wa dumu puto ulilolitoboa tundu moja dogo la sindano. Siku ya pili au ya tatu puto litasimama. Hiyo ndiyo alama yako kwamba chachu imeamka. Likisimama sana litoe upepo, na kamwe usikaze kifuniko, kwa sababu gesi hiyo hupasua chupa ya kioo na vipande vyake hujeruhi watu. Ikifika wiki, onja. Wanzuki, pombe ya asali wanayopika wenzetu wa Tabora, huanza na wazo hilo hilo.

Asali ilimpa binadamu hatua moja mbele: aligundua kwamba akiongeza maji, jambo linatokea. Huo ni mwanzo wa kupika, japo mwepesi.

Chombo cha tatu: nafaka

Chukua konzi ya mtama mkavu, uloweke, uache siku tatu bila kufanya lolote la ziada. Hupati pombe. Unapata uvundo na uchachu kidogo. Nafaka imejaa wanga, na wanga ni minyororo mirefu ya sukari iliyofungwa. Chachu haina meno ya kuikata. Mtu wa kale aliyekuwa na ghala zima la nafaka alikuwa na utajiri wa sukari asioweza kuufungua.

Funguo zake ni mbili. Wa kwanza uko mdomoni mwako. Tafuna kipande cha ugali mkavu bila kumeza, polepole, dakika mbili. Utasikia utamu unakuja. Mate yana kimeng'enya kinachoitwa amilasi, nacho hukata wanga ukawa sukari. Huko Amerika ya Kusini wanawake walitafuna mahindi na kuyatema chunguni ili kupata chicha, na mahali pengine bado wanafanya hivyo. Ufunguo wa pili umo ndani ya punje yenyewe, na punje huutoa siku inapoota, kwa ajili ya kulisha mche wake mchanga. Mtengeneza kimea anauachia mche uanze, halafu anausimamisha kwa jua kabla haujamaliza chakula. Kwangu hii ndiyo hila kubwa kuliko zote jikoni, na iligunduliwa na watu wasiojua kusoma, kwa kuona na kukumbuka tu.

Twende kazini. Osha ulezi wako hadi maji yatoke safi. Uloweke tangu jioni hadi jioni ya kesho yake, ukibadilisha maji mara mbili tatu ili usivunde. Umwage, uchuje, uutandaze kwenye gunia safi lililoloanishwa unene wa vidole viwili, ufunike kwa majani ya mgomba. Asubuhi na jioni nyunyizia maji, ugeuze kwa mkono. Ukigusa katikati utakuta joto. Hiyo ni punje inapumua. Usiufinyange kuwa lundo, joto likizidi ukungu unaingia. Siku ya pili au ya tatu vijizizi vitakuwa vimefikia sentimita moja. Hapo hapo simamisha. Utandaze kwenye turubai juani, na kwa jua la Mwanza siku mbili zinatosha. Ukiuma punje ikakatika kwa sauti, imekauka. Sugua kwa viganja ili vijizizi vidondoke, upepete kwa ungo.

Harufu ya kimea kizuri ni tamu, inafanana na ya karanga. Kikinuka vumbi la ukungu, au ukiona madoa ya kijani, meusi au ya waridi, tupa chote. Sumu ya ukungu haiondoki kwa kupika. Na kama utatumia mtama kwa kimea badala ya ulezi, kusugua na kupepeta si hiari: machipukizi ya mtama yana kitu kinachozalisha sianidi, na mama zetu waliyatoa na kuyatupa vizazi vingi kabla kemia haijaeleza kwa nini. Mimi namshauri anayeanza atumie ulezi.

Saga kimea, usifanye unga laini sana. Ukipata jiwe la kusagia la zamani, litumie walau kwa konzi moja, mikono yako ielewe kazi ilivyokuwa.

Sasa uji. Chemsha lita 4 za maji, koroga unga wa mtama kilo 1, upike nusu saa hadi uwe mzito kabisa. Lazima upikwe, kwa sababu wanga wa mtama haufunguki chini ya nyuzi joto 70 hivi. Lakini amilasi ya kimea nayo huharibika joto likizidi hapo. Mtego uko hapo, na wapikaji wa kale waliutegua bila kipimajoto. Nami nakupa njia ya ziwani kwetu. Mwanza iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukimimina kwenye uji unaochemka kiasi kile kile cha maji baridi, lita 4, yaliyochemshwa mapema yakapoa hadi nyuzi 25, mchanganyiko unaangukia karibu na 60. Hapo ndipo amilasi inapofanya kazi kwa bidii zaidi. Shangazi alitumia kidole. Nilipomuuliza, "Shangazi, umejuaje kwamba ni sasa?", alinijibu, "Mwanangu, kikiniuma bila kunichoma, natia kimea."

Kabla hujatia, chota kijiko cha uji, weka kwenye kisahani cheupe, dondoshea tone la iodini. Utakuwa bluu inayoelekea nyeusi: huo ni wanga. Kisha tia robo tatu ya kimea, koroga, funika chungu kwa blanketi, subiri saa moja na nusu. Lakini usiondoke dakika kumi za mwanzo, kaa uangalie. Uji mzito uliosimamisha mwiko utalainika mbele ya macho yako hadi utiririke. Akina mama wanaotia kimea kwenye uji wa watoto wanalijua jambo hili vizuri. Onja, utakuta utamu ambao hukuutia wewe. Rudia iodini kwenye kijiko kingine: rangi itakuwa hafifu, hudhurungi au ya iodini yenyewe. Wanga umekuwa sukari. Vijiko vya iodini visirudi chunguni wala mdomoni.

Hadi hapa una togwa, na watoto wanaweza kunywa. Chukua kikombe chao kabla ya hatua inayofuata.

Acha ipoe hadi chungu kiwe vuguvugu kwa mkono, nyuzi 30 au pungufu kidogo. Tia robo ya kimea iliyobaki, mbichi, pamoja na machicha ya pombe iliyotangulia kama una jirani anayepika. Kimea hicho kibichi hakijaonja moto, kwa hiyo chachu na bakteria wa uchachu bado wako hai juu yake. Hamira ya dukani ingefanya haraka zaidi, ila ladha inakuwa ya mkate na umeshaiacha njia ya wazee. Funika kwa kitambaa. Ndani ya siku moja povu litapanda, siku ya pili chuja kwa chujio la kusuka. Kilevi chake huwa kidogo, kama asilimia 2 hadi 4, na ndani yake mna chakula halisi. Inywewe siku hiyo au kesho yake. Ikipita hapo inageuka siki.

Umri wa kazi uliyoifanya

Mwaka 2018 Li Liu wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichunguza vinu vilivyochongwa mwambani katika pango la Raqefet karibu na Haifa, Israel. Wakakuta mabaki ya wanga wa ngano au shayiri ulioota, ukapondwa, ukapikwa na kuchachuka, umri wake kiasi cha miaka 13,000. Pango lile lilikuwa la maziko ya Wanatufi, watu waliokuwa bado wawindaji na wakusanyaji, kabla hawajalima. Fikiria uzito wake: walikuwa na kimea kabla ya kuwa na shamba, na walikipeleka kwa wafu wao. Mwaka 1953 mwanaakiolojia Robert Braidwood aliwauliza wanazuoni wenzake kama mkate ndio uliowafanya watu waanze kulima, au mtaalamu wa mimea Jonathan Sauer ana haki kusema ni pombe. Mimi niko karibu na Sauer, ingawa sitaki kuligeuza kuwa ama hiki ama kile. Uji wa kimea ni chakula na kinywaji katika chungu kimoja, na aliyeonja utamu wake ana sababu mbili za kuilinda nafaka.

Kijiji cha Jiahu nchini China, miaka 9,000 hivi iliyopita, kiliweka vyombo vyetu vyote vitatu pamoja. Mwaka 2004 Patrick McGovern na wenzake walitangaza kwamba vigae vya mitungi ya huko vilikuwa na mabaki ya mchele, asali na matunda katika kinywaji kimoja. Naamini wapikaji wale walijua kwamba tunda na asali huleta chachu, na nafaka huleta wingi.

Nafaka ulizotumia wewe ni za bara letu. Mtama ulianza kulimwa mashariki mwa Sudan. Alama zake zimekutwa kwenye vyungu vya kati ya mwaka 3500 na 3000 KK. Ulezi unatoka nyanda za juu za Ethiopia na Uganda. Na Misri, huko Abydos, mwaka 2021 kilitangazwa kiwanda cha pombe cha enzi za Mfalme Narmer, takriban miaka 5,000 iliyopita, chenye uwezo wa kupika lita 22,400 kwa mkupuo mmoja. Huko kazi ya jikoni ilikuwa tayari imekuwa kazi ya dola. Lakini chachu yenyewe hakuna aliyejua ni kiumbe hadi wanasayansi wa Ulaya wa karne ya 19, na Louis Pasteur, kuanzia mwaka 1857, ndiye aliyeonyesha kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai. Kabla ya hapo chachu ilitunzwa na chungu kisichosuguliwa sana, mwiko ule ule, na machicha ya jana.

Mambo ya kuzingatia

Usiikeneke, yaani usiichemshe ukakusanya mvuke wake. Gongo ni kosa kisheria, na ukeneko wa kienyeji unaweza kukusanya methanoli, kilevi kinachopofusha na kuua. Pombe ya chungu haikenekwi, na hapo ndipo mafunzo haya yanapokoma. Ukitaka kuuza, hata vikombe viwili, nenda halmashauri ukakate leseni ya vileo. Mjamzito, mtoto na mtu mwenye pikipiki nje wapewe togwa.

Machicha yasitupwe. Kamua, anika konzi moja juani hadi ikauke kabisa, ifunge kwenye kitambaa na kuitundika mahali pakavu. Hiyo ndiyo chachu ya chungu kijacho, nayo huamka kwa uji vuguvugu ndani ya saa chache. Yanayobaki wape kuku, kwa kiasi kidogo, na uyachanganye na pumba kwanza.